Askari Anafoka kwa Kiswahili

Tarcisio Okidi aliigiza kwenye televisheni za Kampala kwa karibu miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwandikia maneno ya kusema. Msidhani natia chumvi. Waigizaji wenzake walipewa kurasa zao, kila mmoja na mistari yake: daktari anasema hivi, mke wa mchungaji anajibu vile, tajiri anampigia wakili wake simu na kumtukana kwa ufasaha. Okidi akifungua karatasi zake alikuta maneno yale yale: Askari anaingia. Askari anafoka kwa Kiswahili. Basi. Afoke nini? Hilo halikumshughulisha mtu. Mwandishi hakijui Kiswahili, mwongozaji hakijui, na wote wawili waliamini kwamba hata mtazamaji hana haja ya kukijua, mradi buti lipige mlango na kelele ifuate.

"Wewe tisha tu," waongozaji walimwambia. "Lugha yenyewe inatosha."

Kampala watu walikijua Kiswahili kama lugha ya wanajeshi na ya wanyang'anyi, wakakiogopa. Naye Okidi alitisha, kwa kuwa alihitaji kazi. Alikuwa mrefu, mweusi tii, na sauti yake ilitoka chini kabisa kifuani. Alivunja milango, alisimamisha magari, alikagua mifuko ya akina mama na kuwalaza vijana kifudifudi kwenye matope. Mtaani watoto walimwita Lala Chini. Akiingia dukani kununua sabuni, kuna mtu angeinua mikono juu, duka zima likacheka, na Okidi naye angecheka huku moyoni amekunja ngumi.

Sasa angalia dharau hiyo ilimwangukia nani. Okidi alizaliwa katika nyumba za askari, Makindye. Baba yake, Ogwang, alikuwa Mwacholi wa upande wa Kitgum, dereva wa malori ya jeshi. Mama yake, Nakhisa, alikuwa Mgisu wa milimani juu ya Mbale. Baba hakujua neno la Kigisu, mama hakujua neno la Kiacholi, na Kiganda wote wawili walikuja kukiokota sokoni baadaye. Walichokuwa nacho ni Kiswahili cha kambini, kile kisichojali sarufi ya mtu. Kwa Kiswahili hicho Ogwang alimtongoza Nakhisa. Kwa hicho hicho walibishana kuhusu chumvi ya mboga, wakaombea chakula, wakawatania watoto wao hadi wakalala. Nakhisa alipolazwa hospitali, kwa ule ugonjwa uliomuua, Ogwang alianza kumsuka nywele binti yake mdogo, Adoch, kila Jumapili. Askari mzima, mikono iliyozoea usukani! Mistari ilikwenda upande, mingine ilifumuka kabla ya jioni. Lakini alimweka mtoto katikati ya magoti yake na kumbembeleza: "Kaa vizuri, mama. Kidogo tu. Baba anamaliza sasa hivi." Okidi alikuwa akikaa mlangoni, akisikiliza.

Mtoto aliyelelewa kwa sauti ile ndiye waliyemwambia afoke.

Mara moja alithubutu kuomba. Ilikuwa tamthilia ya familia fulani ya kitajiri, naye alikuwa mlinzi wa korokoroni. Alimwendea mwongozaji wakati wa chakula akamwambia: vipi kama huyu mlinzi atamuuliza mfungwa kama amekula? Mwongozaji aliacha kutafuna. Kisha alicheka hadi akapaliwa, akawaita na wengine waje wasikie. "Askari mpole! Watu watadhani televisheni zao zimeharibika." Jioni hiyo Okidi alivunja mlango mwingine.

Aliyemgeuza hakuwa mwongozaji wala mwandishi. Alikuwa Ogwang mwenyewe. Mzee alikuwa amestaafu zamani, akiishi na Adoch na watoto wa Adoch katika nyumba ndogo huko huko Makindye, na macho yake yalikuwa yamekwisha kwa presha ya macho. Hakuona tena chochote. Televisheni kwake ilikuwa redio tu, akakaa nayo kila jioni akisikiliza. Siku moja Okidi alikuja kumsalimia, mzee akaizima kwa kupapasa, akamgeukia.

"Okidi, mimi nasikia wewe kwa televisheni. Kila siku unapiga watu. Hii Kiswahili yetu, ilikosa kazi ingine?"

Okidi alisema tu, "Baba, ni kazi." Mzee akasema, "Kale," kama Waganda wasemavyo wanapotaka mambo yaishe, na hakuligusa tena. Lakini Okidi alirudi kwake amevimba kwa hasira, na hakuwa na uhakika anamkasirikia nani.

Hapo ndipo aliposhika njia ya uongozaji. Hakwenda shule yoyote ya filamu. Alianza kubaki nyuma baada ya kuvunja mlango wake, akibeba nyaya, akiuliza taa hii inafanya nini, kamera ile inaona wapi. Alirekodi harusi na mahafali. Akaongoza video za wanamuziki waliotaka magari ya kukodi na wasichana wa kucheza mbele ya magari hayo. Akaongoza matangazo ya sabuni na ya dawa ya mbu. Kila alipopata nafasi, alikaa na kuandika tamthilia yake mwenyewe, na humo kila neno la askari aliliandika lote, herufi kwa herufi. Ilihusu askari mmoja na familia yake, mke mgonjwa, watoto wadogo, na maisha ya kawaida ya watu wanaopika na kudaiana samahani. Hakuna mlango uliovunjwa. Wote walizungumza Kiswahili kama kilivyozungumzwa nyumbani kwao.

Wa kumwigiza askari alimpata katika mtaa wa Namuwongo, kando ya reli. Aliitwa Zéphyrin, Mkongomani aliyekuja Kampala kama mkimbizi, fundi wa simu. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya kamera. Okidi alimpeleka simu yake iliyovunjika kioo, akamsikia akimwambia bibi mmoja kwamba simu yake haitapona, na alilisema kwa namna ambayo bibi yule alishukuru. Hakutafuta mtu mwingine.

Wakapiga picha wikendi na sikukuu, katika vyumba vya kuazima. Sehemu ya kwanza ilikuwa ile ya nywele. Zéphyrin amevaa magwanda, ametoka zamu, anamweka mtoto katikati ya magoti na kusuka vibaya. Hakuna linalotokea zaidi ya hilo. Okidi alitaka jambo moja tu, na alilisema waziwazi kwa kila aliyemuuliza: baba yake, kabla hajafa, aisikie sauti ile ikitoka kwenye televisheni ya Kampala.

Kazi ikabaki kwa Madam Goretti. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa vipindi katika kituo kimoja chenye jengo zuri la vioo. Alimweka Okidi kwenye benchi la mapokezi asubuhi nyingi kuliko anazoweza kukumbuka. Mwishowe aliitazama tamthilia, na kusema kweli aliipenda. Picha safi, alisema. Mtoto anaigiza vizuri. Tatizo ni hiyo lugha.

"Watu wetu wanaiogopa, Okidi. Wewe mwenyewe unajua. Tuwekee VJ juu yake."

Kampala nzima inamjua VJ ni nani. Ni yule mtu anayepaza sauti yake juu ya filamu za kigeni, akieleza kwa Kiganda kinachoendelea, akitia utani na vichekesho vyake, hata watu wanamfuata yeye kuliko filamu yenyewe. Ni ufundi, na wako wanaouweza kweli kweli. Lakini wa filamu za kigeni! Okidi alihisi damu ikimpanda kichwani. Hawa walikuwa watu wa Makindye na Namuwongo, mwendo wa bodaboda tu kutoka pale alipokaa. Leo wawe wageni wa kutafsiriwa?

"Hapana, Madam. Weka maandishi ya Kiganda chini, nitakuandikia mwenyewe. Lakini sauti zao ziache."

Walivutana miezi. Mwisho Goretti alimpa neno lake, mbele ya katibu wake na mpiga picha mmoja: Jumapili jioni, maandishi chini, hakuna VJ. Okidi alitoka pale akitembea kama mtu aliyevuliwa gunia la saruji mgongoni.

Jumapili ile nyumba ya Ogwang ilijaa. Zéphyrin alikuja na mkewe Annick. Majirani walikuja na viti vyao. Adoch alikuwa amepika tangu asubuhi, na mzee alikuwa amenyolewa ndevu na kukalishwa karibu na televisheni, sikio la kulia mbele. Ilianza. Ikasikika sauti ya Zéphyrin, ya chini, ya taratibu: "Kaa vizuri, mama."

Mzee akatabasamu. Nusu ya tabasamu ndiyo aliyopata. Juu ya sauti ile ikaruka nyingine, kubwa, yenye kicheko ndani yake, kwa Kiganda cha haraka haraka: "Jamani, afande kaibiwa pesa zake! Sasa anazisaka kwenye nywele za mtoto! Toa! Toa! Toa, wewe, kabla sijakunyoa!"

Majirani walicheka. Hawakukusudia ubaya; mtu akimsikia VJ anacheka, ni mazoea. Mmoja mmoja wakamwona Ogwang na kuacha.

Mzee alikijua Kiganda vizuri kuliko walivyodhani. "Huyu anasema mimi natafuta pesa?" aliuliza. "Kwa nywele ya Adoch?"

Adoch, mama wa watoto watatu, alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kitenge chake.

Okidi alitoka nje na simu. Kwanza alimpata VJ mwenyewe, kijana aitwaye Tamim, ambaye alikuwa na jina mjini na wala hakuwa mtu mbaya. "Kaka, waliniletea picha jana mchana," Tamim alisema. "Maneno hawakunipa. Kiswahili mimi sikijui, waliniambia tu ni picha ya wanajeshi. Nikaona magwanda, nikasikia ile lugha. Kwa hiyo nikajua ni unyang'anyi. Wewe ungefikiria nini?" Aliuliza kwa dhati kabisa. Okidi alikata simu, maana jibu lake lisingemfaa mtu yeyote.

Kisha Goretti. Alikuwa mchangamfu. Watu wamepiga simu, alisema, wamecheka sana, wanataka zaidi.

"Uliniahidi, Madam."

"Wenye matangazo waliingiwa na wasiwasi. Ungefanya nini kama wangejitoa? Njoo kesho tuongee."

Njoo kesho, yaani njoo kwenye benchi! Okidi alipiga ukuta wa nyumba ya baba yake kwa kiganja hadi mkono ukafa ganzi. Miaka ishirini wanamwandikia neno moja, afoke. Ameandika yake kwa mkono wake, wamemfokea juu yake. Ilimuuma. Na mimi ninayesimulia inaniuma hadi leo.

Aliporudi ndani, mzee alikuwa amekwisha kuamua. "Kesho mimi nakwenda na wewe. Nitaongea na hiyo mkubwa."

"Baba, niachie mimi."

"Wewe iko na hasira. Mtu ya hasira hapana sikilizwa. Mimi nitaomba."

Asubuhi Adoch alimvalisha suti yake ya kijivu ya kanisani. Viatu alivipaka rangi mwenyewe, kwa kupapasa, na vilimetameta. Alivaa miwani yake myeusi aliyopewa na kliniki ya macho, maana mwanga ulimuumiza ingawa hakuona kitu. Mgongo wake ulikuwa ungali umenyooka kama siku aliyoandikishwa. Walikodi gari. Kutoka kwenye gari hadi mlangoni alimshika Okidi mkono wa juu kwa namna ambayo asiyejua angedhani yeye ndiye anayemwongoza mwanawe.

Waliingia. Msichana wa mapokezi, yule yule aliyezoea kumwonyesha Okidi benchi kwa kidevu, aliinua kichwa. Ogwang akasimama wima mbele ya meza, akasema kwa sauti yake laini:

"Habari ya asubuhi, mama. Sisi tunatafuta mkubwa ya hapa. Tunataka kuongea na yeye kidogo tu."

Okidi aliona rangi ikimtoka msichana. Aliona anasimama, kiti kikianguka nyuma yake. Watu wawili waliokuwa benchini waliinuka polepole na kutoka nje bila kuaga. Mlinzi, ambaye kazi yake ni kukagua mifuko, alishika kofia yake, akapiga saluti.

"Dakika moja, afande," msichana alinong'ona, na kukimbia. Hakutumia simu. Alikimbia.

Goretti alishuka mwenyewe. Goretti, ambaye Okidi alimngoja asubuhi baada ya asubuhi! Alishuka ngazi akishikilia ukingo, tabasamu limegandishwa usoni, na Kiswahili ambacho siku zote alisema hakijui kikamtoka.

"Karibu, afande. Karibu sana. Mletee afande chai."

Walipokaa ofisini mwake, mzee alikunywa chai kwanza, kama mgeni mwenye adabu. Kisha akaeleza. "Huyu ni mtoto yangu. Alitengeneza picha. Nyinyi mliweka mtu ya kucheka juu. Mimi naomba mtoe yeye. Ni hiyo tu."

"Itatoka, afande. Leo leo. Na ile ya jana tutairudia, safi. Samahani, afande anatoka wapi?"

"Makindye," Ogwang akasema kweli tupu.

Makindye kuna makao mengi ya watu, kuna masoko, na kuna kambi ya jeshi. Goretti alisikia kambi peke yake. Kikombe chake kiligonga sahani, na hakuuliza swali lingine.

Okidi alikaa kati yao akiona yote ambayo baba yake hakuyaona. Aliona mlango ulivyoachwa wazi, na vichwa vya wafanyakazi vikichungulia na kutoweka. Neno moja lingetosha: Madam, huyu ni mzee kipofu, amekuja kukuomba. Lilikuwa kwenye ulimi wake. Alitaka kulisema kwa kishindo, alitaka kupiga meza ile ya kioo na kuwauliza wote wanaogopa nini, wanamwogopa nani, mzee aliyesuka nywele za binti yake? Lakini akilisema, Goretti atapumua. Akipumua, atakumbuka wenye matangazo. Na Jumapili ijayo mzee atakaa tena karibu na televisheni, sikio la kulia mbele.

Alinyamaza. Mlangoni Goretti alimvuta kando kidogo. "Okidi, mbona hukuniambia mzee wako ni mkubwa? Tungemaliza zamani." Okidi akamfuata baba yake nje.

Jumapili ikafika. Safari hii hakualikwa jirani yeyote. Kwenye televisheni Zéphyrin alimweka mtoto katikati ya magoti, na sauti yake ikasikika yote, kila neno, bila mtu juu yake: kaa vizuri, mama, kidogo tu, baba anamaliza sasa hivi. Adoch alikaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake. Mzee alisikiliza bila kusogea hadi mwisho, midomo ikicheza.

"Ni mimi," alisema. "Okidi, hiyo ni mimi."

"Ndiyo, Baba. Ni wewe."

Mzee alicheka kidogo, akampapasa mwanawe goti. "Wewe unaona sasa? Miaka yote unapigana na hawa watu. Hasira, hasira. Mimi nilikwenda siku moja, nikaomba na upole, wakasikia. Watu ya hapa ni wazuri. Hata chai walitupa."

Okidi aligeuza uso ukutani, kana kwamba mzee angeweza kuuona.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Hata chai walitupa."